Shokapu na Springi za Nyuma katika Gari Kuukuu la Paa la Kukunjwa

Mmiliki wa gari kuukuu la paa la kukunjwa, mathalani MGB iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1962 na 1980, mara nyingi hushauriwa na fundi aondoe shokapu za nyuma za wenzo na kufunga za bomba. Ushauri huo waweza kuwa sahihi, ila shokapu za wenzo zilizolegea pengine zimepungukiwa mafuta tu.

Jambo kubwa zaidi ni bodi. Gari hili halina paa la chuma la kuishikilia. Nguvu yake imo hasa katika vizingiti vilivyo chini ya milango. Vizingiti hivyo, pamoja na mahali springi zinapofungwa, huliwa na kutu kutoka ndani, na rangi mpya huificha. Shokapu ngumu hupeleka mshtuko mwingi zaidi kwenye chuma hicho. Kikiwa kimeoza, fedha zitangulie kwenye uchomeleaji. Mlaji aombe gari lipandishwe ajionee mwenyewe.

Vipuri vinunuliwe kwa jozi, kulia na kushoto, kwa kuzingatia mwaka wa gari, kwani modeli za kuanzia mwishoni mwa 1974 ziliinuliwa. Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake; zikikazwa likiwa limening'inia, hujipinda na kuchanika mapema, na mteja ndiye hulipa mara ya pili.

Kabla ya kulipa, mlaji adai risiti inayotaja kila kipuri na muda wa dhamana, na arudishiwe vipuri vilivyotolewa.