Mawese ya Kigoma na sheria za biashara duniani: Nani anapanga ushuru?

• Mwaka 1885 mataifa 14 yalikubaliana Berlin kwamba bidhaa zinazoingia ukanda wa Ziwa Tanganyika zisitozwe ushuru.
• Leo kikomo cha Tanzania ndani ya WTO kwa bidhaa za kilimo ni asilimia 120.
• Kanuni ya kutobagua ni ileile tangu enzi hizo. Kilichobadilika ni nani anakaa mezani.

Kigoma. Ukizunguka masoko ya Kigoma Ujiji hutakosa mawese mekundu yaliyokamuliwa mkoani humohumo. Duka la jirani nalo lina dumu la mafuta meupe ya kupikia. Mara nyingi hayo nayo yanatokana na michikichi, ila ya Malaysia au Indonesia.

Mafuta hayo yamevuka Bahari ya Hindi, yakashushwa Dar es Salaam, kisha yakasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi ziwani. Inakuwaje yashindane bei na ya hapa?

Sehemu ya jibu ipo shambani: Malaysia na Indonesia wana mashamba makubwa, mbegu zinazozaa sana na viwanda vikubwa. Sehemu nyingine ipo kwenye ushuru wa forodha. Na ushuru wa Kigoma una historia ndefu ya kupangwa mbali na Kigoma.

Enzi za hongo na shanga

Kabla ya ukoloni, biashara ya ziwa hili ilikuwa na sheria zake. Msafara uliotoka pwani ulilipa hongo kwa watawala wa maeneo ya Uvinza na Uha kabla ya kufika Ujiji. Hongo ndiyo iliyokuwa ushuru wa wakati huo, na kiwango chake kilipatikana kwa mazungumzo, mara nyingine ya siku kadhaa.

Soko la Ujiji lilitumia shanga zilizoitwa sofi kama pesa. Hapo zilikutana chumvi ya Uvinza, samaki, nafaka, nguo za pwani na pembe za ndovu. Watumwa pia waliuzwa, ukweli ambao hauwezi kufichwa katika historia ya mji huo.

Kwa upande wa utawala, mfanyabiashara Mwinyi Kheri alitambuliwa na Sultani Barghash wa Zanzibar kuwa mwakilishi wake Ujiji. Kwa ufupi, waliokuwa wanapanga masharti ya biashara walikuwa wanafahamika na walikuwa karibu.

Berlin yaamua bila wenyeji

Februari 26, 1885 mkutano wa Berlin ulimalizika kwa kusainiwa mkataba. Wengi wanaukumbuka kwa jinsi Afrika ilivyogawanywa, lakini ndani yake kulikuwa na sheria ya biashara.

Ibara ya kwanza ilitangaza biashara huru kwa mataifa yote katika bonde la Mto Kongo, na ikalitaja Ziwa Tanganyika pamoja na mito inayoingia upande wake wa mashariki. Eneo hilo la biashara huru likapanuliwa hadi Bahari ya Hindi.

Masharti makuu yalikuwa mawili. Kwanza, bidhaa zinazoingia zisitozwe ushuru, na suala hilo liangaliwe upya baada ya miaka 20. Pili, asibaguliwe mfanyabiashara wa taifa lolote.

Hakuna mtawala hata mmoja wa Kiafrika aliyealikwa kwenye mkutano huo. Yaani soko la Ujiji liliwekewa sheria ya kimataifa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuliona.

Hata miaka 20 haikuisha. Mwaka 1890 mkutano wa Brussels uliruhusu ushuru wa bidhaa zinazoingia, lakini usizidi asilimia 10 ya thamani. Watawala wa kikoloni walitaka pesa za kuendesha makoloni, na kikomo kikabaki mikononi mwa mataifa ya nje.

Wabelgiji Kigoma kwa faranga moja

Vita Kuu ya Kwanza ilibadilisha wenye nguvu. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, miaka miwili tu baada ya reli ya Wajerumani kufika hapo. Vita vilipoisha Uingereza ikapewa Tanganyika, nayo Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi.

Septemba 1919 mataifa saba yalisaini mkataba mpya huko Saint-Germain, Ufaransa. Ule ukomo wa asilimia 10 ukaondolewa, lakini marufuku ya kubagua ikabaki.

Marufuku hiyo ilileta jambo ambalo Uingereza haikulipenda. Japan ilikuwa miongoni mwa waliosaini, hivyo miaka ya 1930 vitambaa vyake vya bei nafuu vilijaa Afrika Mashariki. Uingereza haikuweza kuvitoza ushuru mkubwa kuliko vya kwake. Kwa mnunuzi wa kawaida ilikuwa nafuu. Kwa viwanda vya Uingereza ilikuwa hasara.

Kigoma nako kulikuwa na makubaliano ya aina yake. Machi 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Kodi ya pango ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ulikuwa milele.

Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere aliliambia Bunge kwamba pango la milele haliendani na nchi huru. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Uingereza ilikuwa msimamizi wa muda, na msimamizi wa muda hawezi kugawa ardhi ya mwenyewe milele.

GATT: Uhuru na uanachama siku moja

Wakati hayo yakiendelea, dunia ilikuwa imeshapata mfumo mwingine. Oktoba 1947 nchi 23 zilisaini GATT, Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara, jijini Geneva, Uswisi.

Lengo lilikuwa kuepuka yaliyotokea miaka ya 1930, pale nchi zilipopandishiana ushuru hadi biashara ya dunia ikadorora. Msingi wake ulikuwa uleule wa kutobagua: nafuu unayompa mmoja, wape wanachama wote.

Tanganyika inahesabiwa kuwa mwanachama wa GATT kuanzia Desemba 9, 1961, siku ileile ya uhuru. Burundi ilifuata mwaka 1965, Kongo mwaka 1971 na Zambia mwaka 1982.

Hata hivyo, kiti hakikuja na nguvu. Kilimo kwa sehemu kubwa kiliachwa nje ya masharti, hivyo nchi tajiri ziliendelea kuwapa wakulima wao ruzuku nono. Na kilimo ndicho kilichokuwa tegemeo la nchi kama Tanzania.

WTO na kikomo cha asilimia 120

Mazungumzo yaliyoanza Uruguay mwaka 1986 yalihitimishwa Marrakesh, Morocco, Aprili 1994. Januari 1, 1995 likazaliwa Shirika la Biashara Duniani, WTO. Tanzania ni mwanachama tangu siku hiyo ya kwanza, na leo shirika lina wanachama 166.

Safari hii kilimo kiliingizwa. Kila nchi iliahidi kikomo cha ushuru ambacho haitakivuka. Tanzania iliweka asilimia 120 kwa bidhaa za kilimo, mafuta ya kula yakiwemo.

Linganisha sasa. Mwaka 1890 kikomo kilikuwa asilimia 10, na kiliwekwa na wageni. Leo kikomo ni mara 12 ya hicho, na ni nchi yenyewe iliyokiahidi.

Kwa hiyo akija mtu kusema “WTO imetukataza kulinda mawese yetu,” si kweli. Nafasi ipo, na imewahi kutumika. Bajeti ya mwaka 2018/19 ilipandisha ushuru hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi ya kula na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa.

Mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) nayo iliongeza daraja la nne la ushuru wa pamoja, asilimia 35, na mafuta ya kula yametajwa kwenye orodha yake. Asilimia 35 bado iko mbali sana na 120.

Mbona Burundi na Kongo wanapendelewa?

Hapa wengi huchanganyikiwa. Kama kubagua ni marufuku, kwa nini bidhaa ya Burundi iingie Kigoma bila ushuru huku ya Malaysia ikitozwa?

Jibu lipo kwenye kanuni za GATT. Zinaruhusu nchi kuunda umoja wa forodha au eneo huria na kuondoleana ushuru, mradi wasiongeze vikwazo kwa walio nje. EAC inatumia mlango huo tangu umoja wake wa forodha ulipoanza mwaka 2005. Burundi iliingia mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022.

Zambia haimo EAC, lakini ina nafuu kupitia SADC. Ndiyo maana ziwa ni moja, ila karatasi za mzigo wa Bujumbura au Kalemie si sawa na za mzigo wa Mpulungu.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa boti, jambo la kushika ni hili: mzigo uliozalishwa ndani ya EAC wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa na forodha mpakani. Cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi kodi nyingine wala ukaguzi wa afya ya mimea na chakula.

Ushuru una pande mbili

Kupandisha ushuru si dawa ya bure. Mafuta ya nje yakipanda bei, mkulima wa mchikichi anapata nafasi. Lakini mama anayekaanga maandazi Mwanga au Ujiji naye anahisi, kwa sababu mafuta ya nchini hayatoshi mahitaji.

Ndiyo maana ushuru peke yake hauwezi kuushinda mchikichi wa Malaysia. Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa alipozindua kampeni ya zao hilo mkoani Kigoma mwaka 2018, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu za tenera, zinazotoa mafuta mengi kuliko dura, aina ya zamani iliyozoeleka vijijini. Ushuru unanunua muda. Muda huo usipotumika kubadilisha mbegu na mitambo ya kukamulia, anayelipa ni mlaji tu.

Mechi inaendelea, refa hayupo

Mfumo wenyewe sasa unayumba. Tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa cha WTO kimesimama, baada ya Marekani kuzuia uteuzi wa majaji wapya. Anayeshindwa kesi anaweza kukata rufaa mahali ambapo hakuna wa kuisikiliza.

Aprili 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza ushuru unaotofautiana nchi kwa nchi, jambo linalogongana moja kwa moja na kanuni ya kutobagua.

Nchi kubwa inaweza kuishi bila refa, kwa kuwa ina soko ambalo kila mtu analitaka. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia hazina ubavu huo. Zikikaa moja moja mbele ya taifa kubwa, zinarudi kwenye hali ya mwaka 1885: mwenye nguvu anapanga, wengine wanasoma matokeo.

Tofauti ya leo ni kwamba viti vipo. Kiwango cha ushuru wa mafuta hujadiliwa kila mwaka na mawaziri wa EAC kabla ya bajeti, na bajeti husomwa bungeni mwezi Juni. Hapo ndipo mkulima wa michikichi wa Kigoma anaweza kumuuliza mbunge wake kabla ya Juni, si baada ya bei kubadilika sokoni: safari hii ushuru wa mafuta ni asilimia ngapi, na mlitetea ngapi?