Namungo: Hasara uwanjani, faida mfukoni

TIMU inayofungwa mechi zote sita za hatua ya makundi kwa kawaida hurudi nyumbani kichwa chini. Namungo FC ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilifungwa zote sita katika Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, ikashika mkia wa kundi lake bila pointi hata moja. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara ambaye husoma daftari la hesabu kabla ya jedwali la matokeo, msimu ule una sura nyingine kabisa.

Kwa viwango vya zawadi vya CAF vya wakati huo, timu iliyoshika nafasi ya mwisho katika kundi la michuano hiyo ilistahili dola za Marekani 275,000. Kwa wastani wa Sh. 2,300 kwa dola, hicho ni kitita cha zaidi ya Sh. milioni 630. Swali linalomhusu mwekezaji mdogo ni hili: fedha hizo zilitokana na nini, na je, ni biashara inayoweza kurudiwa?

Mtaji uliotangulia

Ruangwa ni mji wa korosho na ufuta, ulio zaidi ya kilomita 500 kusini mwa Dar es Salaam. Mkulima wa kata ya Narung'ombe hupeleka korosho yake katika ghala la chama cha msingi, husubiri mnada wa chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kisha huishi kwa fedha hiyo mpaka msimu mwingine. Katika uchumi wa aina hii, timu ya Ligi Kuu ni kitu cha anasa. Ndiyo maana wengi hawakuipa Namungo nafasi ilipopanda daraja mwaka 2019.

Msimu wake wa kwanza, 2019/20, chini ya kocha Hitimana Thierry, iliwashangaza wengi. Ilimaliza ya nne kati ya timu 20. Aidha, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyochezwa mjini Sumbawanga Agosti 2, 2020, ikafungwa na Simba mabao 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa Ligi Kuu na tiketi yake ilikuwa ya Ligi ya Mabingwa, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaangukia kwa Namungo.

Hapo ndipo palipo somo la kwanza. Mamilioni ya mwaka 2021 yalianza kutafutwa mwaka 2019. Aliyepanda mbegu si yeye aliyevuna, kwani mwishoni mwa mwaka 2020 Hitimana aliondoka na timu ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco.

Kocha mpya, viporo vingi

Morocco hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Desemba 2017 aliifikisha Zanzibar Heroes fainali ya Kombe la Chalenji nchini Kenya, ambako ilitolewa na wenyeji kwa mikwaju ya penalti. Lakini Ruangwa alikabidhiwa duka lililokwisha funguliwa: wachezaji hakuwasajili yeye, ligi ilikuwa imeanza, na safari za Afrika zilikuwa mlangoni.

Namungo iliivuka Al Rabita ya Sudan Kusini, kisha ikaitoa Al Hilal Obeid ya Sudan kwa jumla ya mabao 5-3. Ikabaki hatua moja kuingia makundi, dhidi ya 1º de Agosto ya Angola.

Februari 2021 msafara wa Namungo ulipofika Luanda ulizuiwa na mamlaka za huko kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mechi haikuchezwa. CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda ya kwanza 6-2, ikafungwa ya pili 3-1, na kufuzu kwa jumla ya mabao 7-5.

Kwa lugha ya soko, mechi hizo mbili ndizo zilizolipa. Baada ya hapo, hata kufungwa na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia kusingeweza kupunguza dola 275,000. Raja, kwa taarifa ya msomaji, ndiyo iliyotwaa kombe lenyewe mwezi Julai mwaka huo.

Mizania ya safu mbili

Ili kuona uzito wa kitita hicho, kilinganishwe na fedha za nyumbani. Agosti 2019 kampuni ya Vodacom ilisaini mkataba wa miaka mitatu wa kudhamini Ligi Kuu kwa Sh. bilioni 9, yaani Sh. bilioni 3 kwa mwaka. Hata kama fungu lote la mwaka lingegawanywa sawa kwa timu 18 za msimu wa 2020/21, kila moja ingepata takriban Sh. milioni 167. Kwa hiyo kushika mkia katika kundi la Afrika kulikuwa na thamani ya karibu mara nne ya fungu hilo.

Lakini mfanyabiashara makini haishii kwenye mapato. Mechi za nyumbani za Afrika zilichezwa Dar es Salaam, si katika Uwanja wa Majaliwa mjini Ruangwa. Mama lishe, waendesha bodaboda na wenye nyumba za wageni wa Ruangwa hawakupata senti ya ugeni huo, na klabu ilikuwa mgeni hata katika mechi zake za nyumbani. Aidha, kila safari ya nje ilizaa kiporo cha ligi, na kila kiporo kilimaanisha wachezaji wale wale kucheza mechi nyingi ndani ya siku chache. Namungo haikurudi katika nafasi nne za juu. Msimu uliofuata haikuwa na tiketi ya Afrika, na fungu la CAF likakatika.

Jambo hili si la Ruangwa peke yake. Uswisi, mwaka 2005, klabu ya mji mdogo wa Thun ilibadilisha kocha katikati ya msimu. Hanspeter Latour aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Urs Schönenberger. Klabu hiyo ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya pamoja na Arsenal, Ajax na Sparta Prague. Nayo ililazimika kuhamia mji wa jirani wa Bern kwa mechi zake za nyumbani, kwa kuwa uwanja wake haukufikia viwango. Kwa mwaka mmoja Thun ilijaa fedha na sifa. Mwaka 2008 ikashuka daraja.

Faida isiyoonekana kwenye jedwali

Kwa nini basi msimu wa Morocco uhesabiwe kuwa wa faida? Jibu liko chini ya jedwali, wala si juu yake. Msimu huo Ligi Kuu ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 18 hadi 16, na timu nne zilishuka moja kwa moja: Ihefu, Gwambina, JKT Tanzania na Mwadui. Mei 2021, ligi ikiwa bado haijamalizika, Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6. Huo ni wastani wa zaidi ya Sh. bilioni 22 kwa mwaka kwa ligi nzima, dhidi ya bilioni 3 za udhamini uliotangulia. Oktoba mwaka huo Benki ya NBC nayo ikaingia kama mdhamini mkuu kwa Sh. bilioni 2.5 kwa msimu mmoja.

Aliyeshuka mwaka 2021 alishuka ngazi mlangoni mwa benki. Namungo, pamoja na viporo vyake na vipigo vyake sita, ilibaki ndani. Fedha ya CAF ilikuwa ya mara moja, lakini nafasi ya Ligi Kuu ni rasilimali inayozaa kila mwaka. Kocha aliyeweza kutumikia michuano yote miwili bila kuipoteza nafasi hiyo alifanya kazi ambayo haikuonekana kwenye pointi za Afrika. Morocco mwenyewe alikabidhiwa Taifa Stars mwaka 2024.

Anayetaka kuona upande wa pili aitazame Biashara United ya Mara. Ndiyo iliyoshika nafasi ya nne msimu huo wa 2020/21 na kurithi safari za Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 Dar es Salaam, kisha ikashindwa kusafiri kwa mechi ya marudiano na kuondolewa mashindanoni. Mwaka 2022 ikashuka daraja. Ushindi uwanjani ulikuwapo, ila nyuma yake hapakuwa na mfuko wa kuubeba.

Namungo yenyewe haiko nje ya hatari. Klabu iliyokulia chini ya kivuli cha kiongozi mkubwa, uwanja wake ukibeba jina la Kassim Majaliwa aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025 na mbunge wa Ruangwa, inapaswa kujiuliza itategemea nani wakati viti vinapobadilishwa. Wilaya ina korosho, ufuta na madini ya kinywe, na wote wanaonunua na kuuza bidhaa hizo wanahitaji jina linalofahamika. Huko ndiko wadhamini wa kudumu wanakopaswa kutafutwa, kwa mikataba ya maandishi badala ya hisani.

Kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayeombwa kuweka fedha katika timu ya mkoani kwake, swali la kwanza lisiwe timu imefunga mabao mangapi. Aulize ni kiasi gani cha mapato ya klabu kitarudi mwaka ujao hata kama timu haitashinda kombe lolote. Mkulima wa Narung'ombe anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Mwaka bei ya mnada inapokuwa nzuri, mwenye busara hununua salfa ya kupulizia mikorosho ya msimu ujao kabla hajanunua pikipiki.