Sala Katika Msimu wa Korosho

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, Kitangari, huku Newala, huamkia mikorosho. Jua halijapanda, familia iko chini ya miti: watoto wanaokota, akina mama wanatenga korosho na mabibo, vijana wanatafuta usafiri wa magunia kwenda ghala la chama cha msingi cha ushirika. Korosho iliyolala chini siku nyingi hupoteza ubora, na mvua za mwisho wa mwaka hazimngoji mtu. Jumapili huangukia katikati ya pilikapilika hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa saa 24 za mapumziko kila wiki. Anayelima shamba lake na anayeendesha bodaboda hawana wa kuwapa ruhusa.

Ukristo wa upande huu haukuzaliwa katika raha. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, akitokea Zanzibar. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana hapa kama Magwangwara, waliivamia Masasi wakaua, wakachoma na kuteka watu, na baadhi ya waliosalimika wakapanda Newala kuanza upya. Huko Chitangali, ndiyo Kitangari ya leo, alihudumu Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Kiungani, Zanzibar. Alipowekwa upadre mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupata daraja hilo.

Waanglikana hao walileta desturi ya sala ya asubuhi na sala ya jioni, kila siku. Ni sala fupi. Palipokosekana padre, mwalimu wa kijiji aliongoza, kisha watu wakashika majembe yao. Kwa mkulima, desturi hiyo ina faida kubwa kuliko inavyodhaniwa siku hizi, maana haimdai siku nzima. Inamdai mwanzo wa siku na mwisho wake.

Kisha likaja suala la jando na unyago. Katika majira ya kuwacheza wali, vijiji vizima huwa na shughuli, na anayesusa hutengwa na ndugu zake. Padre Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakulipiga jando marufuku. Kwa ushauri na msaada wa mapadre na walimu wenyeji, alilikubali pamoja na kalenda yake, akaondoa yale yasiyopatana na imani na kutia sala humo humo: vijana walitahiriwa na kufundwa wakiwa na padre wao, na walipotoka wakapokelewa kanisani. Wapo waliomlaumu, wakisema amefanya masikilizano na upagani. Hata hivyo alielewa jambo ambalo viongozi wengi wa leo wanalisahau: ibada inayokataa majira ya watu hubaki na viti vitupu.

Kwa nini basi misa ya Jumapili ya Novemba iwe ndefu kama ya Juni? Misa yenyewe haichukui muda mrefu. Kinachorefusha ni yanayofuata: matangazo, michango ya ujenzi, kwaya tatu zinazosubiri zamu, na mnada wa sadaka ambapo kuku mmoja hupandishwa bei mara kumi huku mtu mwenye korosho zilizoanikwa akitazama mawingu. Mnada ni jambo jema, na kanisa la kijijini linauhitaji. Ungeweza kungoja Januari, fedha zikiwa zimeingia.

Wakatoliki wana njia yao. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao, AMECEA, walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele, na leo Masasi kama Dar es Salaam nyumba chache jirani hukutana kusali, mara nyingi alfajiri kabla ya kazi. Mwenyeji huwa mmoja wao na safari ni ya hatua chache. Anayekosekana hujulikana siku hiyo hiyo, na jirani huenda kumjulia hali.

Kuna sala moja iliyo hatarini zaidi, nayo ni ya nyumbani jioni. Zamani giza lilikusanya familia mahali pamoja. Sasa kila mmoja ana simu yake, na fedha za msimu huleta televisheni na mpira wa Ulaya. Simu hiyo hiyo hubeba Biblia na masomo ya siku, lakini haiwezi kuwaita watu wakae pamoja. Hiyo ni kazi ya wazazi, na wazazi wengi wameiacha.

Anayebanwa kuliko wote ni mama. Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu enzi, na pale bomba linapokauka, yeye ndiye huteremka bondeni. Hurudi, hupika, huenda mikoroshoni, na bado ndiye hujaza kanisa. Baba wa Kitangari unayesoma haya, Jumapili ijayo funga wewe madumu kwenye baiskeli uende majini, mama watoto awahi misa ya kwanza.