Lafudhi na Utani katika Vichekesho vya Sikukuu

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi lugha inavyofanya kazi katika vichekesho ambavyo watu wa Tanzania na majirani zao hupenda kuviona na kuvisikia wakati wa sikukuu, pamoja na kazi ya wachezaji wanaovipa uhai. Mifano imechukuliwa katika redio, jukwaa na sinema za Kiswahili kwa jumla. Lakini mahali pa kuvitazamia patakuwa Namawala, kijiji kimoja cha bonde la Kilombero, katika nchi ya Ifakara. Pameteuliwa hapo kwa sababu bonde hilo ni njia panda ya lugha. Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe wamekaa humo tangu zamani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilileta watu wa mbali. Na katika miongo ya karibuni wafugaji wa Kisukuma nao wameingia na ng'ombe wao. Wote hao hukutana katika Kiswahili, na kila mmoja hukitamka kwa ulimi aliolelewa nao. Basi kichekesho chenye lafudhi ya bara kinapochezwa mbele ya watu kama hao, swali huzuka lenyewe: wanacheka nini, na wanamcheka nani?

Sikukuu na msimu

Bondeni Kilombero kalenda ya starehe hufuata mpunga. Mvua zinaponyesha, jamaa nyingi huhamia mashamba ya mbali, wakakaa huko miezi kadha katika madungu, wakilinda mazao yao na ndege na nguruwe. Kwa hiyo Krismasi na Mwaka Mpya huwakuta watu katika kulima na kupanda, na Pasaka huja wakati wa masika. Saba Saba na Nane Nane ndizo ziangukiazo wakati wa mavuno au baada yake, watu wakiwa na fedha kidogo mkononi. Idi, kwa kuwa yafuata mwezi, huzunguka mwaka mzima, ikawa mara huangukia dungu na mara huangukia ghala.

Jambo hili limefanya kichekesho cha sikukuu kiwafikie watu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni redio, ambayo mkulima huweza kuichukua hata dunguni. Ya pili ni banda la video, ambalo katika Tanzania huitwa kibanda umiza, jina ambalo lenyewe ni mzaha juu ya mbanano wa watazamaji. Katika njia ya kwanza hapana uso wala vazi. Msikilizaji hana kitu ila sauti. Hapo ndipo lugha ilipobeba mzigo wote, na ndipo mchunguzi wa lugha anapostahili kuanzia.

Majina ya kazi na ya wafanyakazi

Neno kichekesho limetokana na kitenzi chekesha, likapewa kiambishi ki- cha vitu. Mtendaji wake huitwa mchekeshaji au mcheshi. Wazee hutumia pia damisi. Kuna na neno chale, lenye maana hiyo hiyo, ambalo huhusishwa na jina la Charlie Chaplin, yule mchezaji wa sinema za kimya. Ni ajabu ndogo ya historia ya maneno kwamba mtu aliyepata sifa bila ya kusema neno lolote ameingia katika msamiati wa lugha ambayo vichekesho vyake hutegemea sana maneno.

Yafaa pia kupambanua kichekesho na igizo. Katika vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam, igizo lilitazamiwa kutoa funzo: mlevi aadhibike, msaliti afichuliwe. Kichekesho hakikudaiwa deni hilo. Kilikuwa kifupi, na kilitimiza wajibu wake watu wakicheka. Labda kwa sababu hiyo wataalamu wengi wamelishughulikia igizo wakakiacha kichekesho mlangoni. Lakini kwa uchunguzi wa lugha hali ni kinyume, maana kichekesho, kwa kutolemewa na funzo, humwachia mchezaji nafasi ya kuiga usemi wa watu kama ulivyo.

Wachezaji na vyombo vyao

Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika redio hiyo kilipata sifa kubwa kichekesho cha Pwagu na Pwaguzi, ambacho jina lake latokana na methali isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi hupata mwizi mwenzake aliyemzidi. Msikilizaji aliyeijua methali alikwisha kupewa kiini cha hadithi kabla mchezo haujaanza. Kilichobaki kilikuwa kusikiliza namna mjanja mmoja atakavyozidiwa na mwingine kwa maneno.

Sinema nayo haikuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, ambamo alicheza Rashidi Mfaume Kawawa. Naye mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa nchi. Baadaye, katika miaka ya 1980, vikundi kama DDC Kibisa na Muungano vilichanganya katika onyesho moja ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo na vichekesho. Televisheni, iliyokuwako Zanzibar tangu miaka ya 1970, ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na baada yake zikaja filamu za video zilizouzwa madukani na kuonyeshwa vibandani.

Katika safari hiyo ndefu yametokea majina ambayo hayahitaji maelezo kwa msikilizaji wa Kiswahili. Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, alianza jukwaani akiwa bado mtoto, akajulikana kwa jina la King Majuto mpaka alipofariki Agosti 2018. Said Ngamba, aliyeitwa Mzee Small, alifariki mwaka 2014. Bakari Mbelemba alijulikana kwa jina la Mzee Jangala. Lucas Mhuvile, yaani Joti wa kundi la Orijino Komedi, huigiza mzee, mtoto na mwanamke, na kila mmoja humpa usemi wake. Msomaji aangalie kwamba majina ya uchezaji yenyewe ni nusu ya mzaha: mtu wa kufurahisha watu anajiita Majuto, na mzee anaitwa kidogo kwa Kiingereza.

Njia tatu za kuchekesha kwa lugha

Mbinu za wachezaji hao ni nyingi, lakini kwa sehemu kubwa zaweza kupangwa katika mafungu matatu. Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya maelezo tu.

La kwanza ni fungu la sauti. Lugha nyingi za Kibantu za bara hazipambanui l na r kama Kiswahili kinavyozipambanua, na sauti dh, th na gh zilizoingia na maneno ya Kiarabu hugeuka z, s na g. Mara nyingi mabadiliko hayo hayaharibu maana. Anayesema zahabu hueleweka kuwa ni dhahabu. Lakini yako maneno machache ambayo tofauti ya sauti moja hugeuza jambo zima, na mchekeshaji huyajua yote. Mjumbe anatangaza kwamba kesho ni siku ya kula, naye akusudia kura. Asubuhi wanakijiji wanafika na sahani. Kijana anaulizwa mahali pake, anasikia mahari yake, anaanza kuhesabu ng'ombe. Hapa kichekesho kimegusa mahali halisi ambapo mfumo wa sauti wa lugha moja haulingani na wa lugha nyingine.

La pili ni fungu la maana. Mganga anamwuliza mgonjwa, "Je, mzee, unapata choo?" Naye ajibu, "Ninacho, mwanangu. Nimekichimba nyuma ya nyumba." Mzee hakukosea sarufi wala matamshi. Amechagua maana ya kwanza ya neno, ile ya jengo, na kuiacha ile ya hospitali. Mzaha huu waonyesha pengo lililopo kati ya usemi wa wataalamu na usemi wa nyumbani, na mara nyingi mtazamaji humwonea huruma mzee zaidi kuliko kumcheka.

La tatu ni fungu la daraja za usemi. Tangu zamani wachezaji waliiga Kiswahili cha mkoloni, chenye amri tupu na kisicho na upatanisho wa ngeli, ambacho Kenya kiliitwa Kisetla. Uhuru ulipopatikana, nafasi ya mkoloni ikachukuliwa na karani anayechanganya Kiingereza asichokijua, na tajiri mpya anayelazimisha maneno makubwa. Katika fungu hili anayechekwa ni mwenye cheo, wala si mnyonge.

Lafudhi ni kazi ya ufundi

Mfano bora wa fungu la kwanza hautoki Tanzania ila Kenya, katika michezo ya televisheni ya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Humo Mzee Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo: alisema sida kwa shida, na sauti ya mazungumzo yake ilipanda na kushuka kama ya mtu wa Nyanza. Watazamaji wengi walimdhania kuwa Mjaluo. Hali mchezaji huyo, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile hakuzaliwa nayo. Aliisikiliza, akaichambua, akaichagua, kisha akaishika pasipo kuteleza kwa miaka mingi. Mtaalamu wa fonetiki hufanya kazi kama hiyo kwa kalamu na chombo cha kunasia sauti. Yeye aliifanya kwa sikio na ulimi.

Jambo hilo lafundisha kwamba lafudhi ya jukwaani ni matokeo ya uteuzi. Mchekeshaji hachukui kila sauti ya lugha anayoiiga. Huchukua mbili tatu zinazotambulikana upesi, akazirudiarudia. Kwa hiyo rekodi ya kichekesho haiwezi kuwa ushahidi wa moja kwa moja wa jinsi watu fulani wanavyosema. Lakini ni ushahidi mzuri wa yale ambayo jirani zao huyasikia wanaposema. Ushahidi wa namna hii ni adimu katika vitabu.

Utani na dhihaka

Sasa laweza kujibiwa swali la Namawala. Watu wa bara hawakuanza juzi kuchekana kwa usemi. Desturi ya utani huwaruhusu watu wa makabila fulani kutaniana pasipo kuoneana uchungu. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya kumi na tisa, leo ni watani, na huweza kutupiana maneno hata msibani. Utani una masharti mawili: kila upande una haki ya kurudisha, na kila upande unajua kwamba ni utani. Katika kijiji chenye makabila mengi, kichekesho cha lafudhi huchukuliwa ndani ya desturi hiyo. Leo anayeigwa ni Mpogoro, kesho ni Msukuma, kesho kutwa ni Mswahili wa pwani na maringo yake. Zamu huzunguka, na kicheko huwa mali ya wote.

Masharti hayo yakivunjika, kitu chenyewe hubadilika jina kikawa dhihaka. Mahali pa hatari ni darasani kuliko jukwaani. Mtoto anayechekwa na mwalimu au wenzake kwa kusema kula badala ya kura hana haki ya kurudisha, na mara nyingi fundisho apatalo ni kunyamaza. Kosa lake ni lile lile la mjumbe wa kichekesho, lakini mjumbe analo jukwaa, na mtoto hana. Walimu wa Kiswahili katika nchi ya lugha nyingi wangepata faida kama wangeitambua tofauti hiyo, na pengine wangekitumia kichekesho chenyewe kuwaonyesha watoto kwamba l na r hupambanuliwa kwa mazoezi, na kwamba kukosea kwa sababu ya lugha ya mama si upungufu wa akili.

Haja ya kukusanya

Vichekesho vingi havikuandikwa. Wachezaji walipatana kiini cha kisa, mengine wakayatunga papo hapo mbele ya watu. Ndiyo sababu mchezaji mzee anapofariki hupotea pamoja naye maneno, mikazo na majibu ambayo hayamo katika muswada wowote. Kanda za redio huchakaa. Kanda za video za vibandani zilitupwa zilipokuja santuri, na santuri zilipokuja simu. Sasa vipande vingi vinaonekana katika intaneti, lakini vimekatwakatwa, havina tarehe wala jina la mahali.

Kazi inayotakiwa ni ya kawaida, nayo yaweza kuanza pasipo gharama kubwa. Rekodi zilizobaki zikusanywe na kuandikwa neno kwa neno, lafudhi ikiachwa kama ilivyotamkwa badala ya kusahihishwa iwe Kiswahili sanifu. Wachezaji wazee walio hai waulizwe walijifunzia wapi sauti walizoiga. Na watazamaji wa vijiji kama Namawala wasikilizwe mchezo ukiisha, wanaporudia maneno njiani na kuyaongezea yao. Maana hapo ndipo ijulikanapo ni mzaha upi uliopokewa kuwa utani, na ni upi uliomwacha mtu kimya.