Ngoma ya Chuoni na Askari wa Zamu Langoni

Askari aliyewahi kushika zamu katika Bandari ya Bujumbura anaijua sauti ya mahali pale. Meli na maboti huja kutoka Kigoma, Kalemie na Mpulungu, na shehena hushushwa gatini. Mrundi, Mtanzania, Mkongo na Mzambia kila mmoja ana lugha ya nyumbani kwake, lakini pale kwenye kazi huelewana kwa Kiswahili. Maneno kama umoja, nia na imani husemwa bila mtu yeyote kugeuka kuyashangaa.

Maneno hayo hayo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, hutamkwa kwa taadhima kubwa. Mwaka 1966 Mmarekani mweusi aitwaye Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo huadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari. Kila siku katika siku hizo 7 ina nguzo yake, na kila nguzo ina jina la Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Wengi wa mababu wa watu hao walichukuliwa utumwani kutoka pwani za magharibi ya Afrika, ambako Kiswahili hakikuwa lugha ya wenyeji. Walikichagua kwa kuwa ni lugha ya Kiafrika isiyokuwa mali ya kabila moja.

Hapo ndipo swali la leo linapozuka. Kwa nini vijana wa chuo kikuu, waliokwenda kusoma uganga, sheria na uhandisi, waone haja ya kupiga ngoma na kuadhimisha historia ya watu weusi? Na jambo hilo linamhusu nini askari?

Tuanze na chimbuko lake. Carter G. Woodson alizaliwa mwaka 1875, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Katika ujana wake alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, na mwaka 1912 akapata shahada ya udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Aliona kwamba vitabu vya shule vilimtaja mtu mweusi kama mzigo uliobebwa na wengine, au havikumtaja kabisa. Akatambua kwamba watu wasiokuwa na kumbukumbu ya matendo yao huhesabiwa kuwa si kitu, na hatari kubwa zaidi ni wao wenyewe kuja kuamini hivyo. Mwezi Februari 1926 akaanzisha juma la historia ya watu weusi. Baadaye wanafunzi na walimu weusi wa Chuo Kikuu cha Kent, katika jimbo la Ohio, walitaka juma hilo liwe mwezi mzima, na mapema mwaka 1970 wakaadhimisha mwezi huo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford aliutambua rasmi kwa taifa zima.

Jina hilo la Kent lina kumbukumbu nyingine, na hiyo yafaa askari waisikilize kwa makini. Tarehe 4 Mei 1970, miezi michache tu baada ya ngoma hizo, askari wa akiba wa jimbo waliingizwa katika viwanja vya chuo hicho kwa sababu ya maandamano ya kupinga vita vya Indochina. Katika muda wa sekunde 13 walifyatua risasi 67. Wanafunzi 4 walikufa na 9 walijeruhiwa. Siku chache baadaye, tarehe 15 Mei, polisi waliua vijana 2 katika Chuo cha Jackson, chuo cha watu weusi katika jimbo la Mississippi. Na miaka miwili kabla ya hapo, mwezi Februari 1968, polisi waliua vijana weusi 3 katika viwanja vya chuo huko Orangeburg, South Carolina, kufuatia maandamano ya kupinga ubaguzi katika ukumbi wa michezo. Risasi za kutwa moja zimekuwa somo la vyuo vya nchi ile kwa zaidi ya nusu karne. Risasi ikishatoka hairudi, lakini jina la chuo hubaki.

Sasa turudi katika bara letu. Mwezi Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umoja wa Waafrika, yaani Waafrika wa barani na wa ughaibuni, ulifanyika katika Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulikuwa wa kwanza wa mfululizo huo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mikutano kama ule wa Manchester wa mwaka 1945 ilikuwa imefanyika ugenini, kwa kuwa nyumbani mkoloni alikuwa ameshika mlango. Haikuwa ajabu mkutano huo kupokewa na chuo kikuu, kwa maana shule ilikuwa mojawapo ya silaha za mkoloni. Mtoto wa Kiafrika alikariri majina ya wafalme wa Ulaya, huku akifundishwa kwamba babu yake hakuwa na historia. Kasumba iliyoingizwa darasani haina budi kutolewa darasani.

Na msidhani kwamba historia iliyofichwa ni ya wasomi peke yao. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na mwezi Septemba yakaiteka Tabora. Jenerali Tombeur, aliyeyaongoza, alipewa na mfalme wake cheo chenye jina la Tabora. Lakini waliobeba bunduki wengi walikuwa Waafrika, upande wa Wabelgiji na upande wa Wajerumani, na waliobeba mizigo vichwani walikuwa Waafrika vilevile. Ni wangapi kati yao tunaowajua kwa majina? Basi mwanafunzi anayeiadhimisha historia ya mtu mweusi anamtafuta pia askari yule asiyekuwa na jina.

Ndugu wasikilizaji, sisi wa Burundi tuna sababu yetu wenyewe ya kulitazama jambo hili kwa uzito. Chuo kikuu chetu kilianza mwaka 1964. Mwaka 1972 wanafunzi na walimu walitolewa katika vyuo na shule wakauawa kwa sababu ya kabila lao, na baadhi ya waliokuja kuwachukua walivaa sare za dola. Mwezi Juni 1995 damu ya wanafunzi ilimwagika tena katika viwanja vya Mutanga. Kuyasema haya si kufukua makaburi kwa kisasi. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka sharti kwamba kabila lolote lisizidi nusu katika vyombo vya ulinzi na usalama. Sharti hilo liliwekwa kwa sababu taifa liliamua kwamba raia asiitazame sare akaona kabila.

Utamaduni unatupa njia. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ni ngoma inayopigwa, na ni utawala wenyewe. Wazee wetu walijua kwamba dola haisimami kwa mkuki peke yake. Husimama pia kwa mdundo ambao watu wote wanautambua kuwa wao. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Lugha ya Kiswahili nayo, inayosemwa Buyenzi na bandarini, ilipewa na UNESCO mwaka 2021 siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai. Kijana anayeadhimisha urithi wa aina hii chuoni anajifunza kwamba kabla hajawa wa kabila hili au lile, yeye ni Mrundi na ni Mwafrika.

Hata hivyo ngoma peke yake haitoshi. Sherehe inayomsifu babu na kumtukana jirani si utamaduni. Ni sumu iliyofungwa katika nguo nzuri. Wajibu wa mwanafunzi ni kuisema historia yote, ile ya fahari na ile ya aibu. Wajibu wa askari ni kutofautisha mkusanyiko na fujo, wimbo na uchochezi, na kukumbuka kwamba aliye ndani ya ukumbi ni ndugu yake aliyepata nafasi ya kusoma.

Mlinzi wa bandari hukagua mzigo asije akapitisha cha hatari, wala haichomi meli kwa kuwa imebeba mizigo mingi. Na mlinzi wa lango la chuo afanye vivyo hivyo. Alinde amani, aiache ngoma ilie. Na zamu yake ikiisha, si vibaya akiingia ndani kusikiliza, kwa maana inayosimuliwa mle ni historia yake pia.