Utumbo Mpana Si Jalala

Kipindupindu kilipoibuka Dar es Salaam Agosti 2015, kilianzia Kinondoni, na kilio kikawa cha visima na vyoo. Ilikuwa haki. Lakini kuna kiungo kinachostahili kutetewa: utumbo mpana, ambao wengi huuchukulia kama jalala la mwili. Kumbe humo bakteria huchachusha nyuzinyuzi na wanga ulioshindikana kumeng'enywa huko juu, wakatoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Karibu asilimia 95 ya asidi hizo hufyonzwa humohumo. Nyingine hupenya zenyewe kwenye utando wa seli, nyingine hubebwa na protini, na butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Tena haziingii mikono mitupu: huvuta sodiamu, na sodiamu ikipita maji hufuata.

Sumu ya kipindupindu hufunga mlango mmojawapo wa chumvi katika utumbo mwembamba. ORS, ule mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi anaokunywa mgonjwa, hupitia mlango wa pili, ambamo glukosi na sodiamu huingia pamoja, ndiyo maana huokoa maisha. Ila kuhara hakukomi upesi. Mlango wa asidi fupi, kule chini, sumu hiyo haiufungi. Watafiti wa Vellore, India, waliongeza kwenye ORS wanga wa mahindi usiomeng'enyeka kirahisi, na matokeo waliyochapisha mwaka 2000 yalionyesha wagonjwa wa kipindupindu wakiacha kuhara mapema zaidi. Bangladesh nako, watoto wenye kuhara kwa muda mrefu walipata nafuu kwa ndizi mbichi zilizopikwa, zenye wanga wa namna hiyohiyo. Ndizi, zilezile zinazoshushwa kwa malori pale soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo!

Anayesema dawa ya kipindupindu ni maji safi simbishii, ila bomba halifiki Mbagala yote kwa siku moja na mtu anahara leo. Hoja nzito ni ya daktari: tumbo lililokwisha kuoshwa na kuhara limepoteza bakteria wengi, sasa nani atachachusha huo wanga? Kweli, asidi hizo hupungua sana kwa mgonjwa. Lakini wa Vellore nao walikuwa wagonjwa wa namna hiyohiyo, na wanga ukawafaa. Inaelekea bakteria waliobaki walitosha. Hata hivyo ndizi ni nyongeza ya ORS, haishiki nafasi yake, wala asibaki mtu nyumbani na sufuria wakati macho yameshadidimia. Na iwe mbichi kweli: ikishaiva, sehemu kubwa ya wanga huo imegeuka sukari, ikaishia kufyonzwa juu kabla ya kufika inakohitajika.