Si Kila Kinyama cha Utumbo ni cha Kisu

Mvuvi wa Mahagi-Port anapoona damu chooni huenda asishtuke. Kwenye ufuko huu wa Ziwa Albert, watu huumwa tumbo na kuharisha damu tangu utotoni, kwa kuwa maji wanayovulia, kuogea na kufulia yana konokono wanaobeba kichocho cha tumbo. Mshtuko huja siku anapofika hospitali yenye kamera ya kuchungulia utumbo, mbali na kwao, pengine ng'ambo ya mpaka wa Goli, na kuambiwa: tumeona kinyama. Akilini mwake kinyama ni kansa, na kansa ni kisu.

Lakini kinyama ni umbo tu. Kama nyama za puani, polipu ya utumbo mpana ni kinundu kilichoota kwenye utando wa ndani, na kukiona hakuonyeshi kimetokana na nini. Huko Ulaya na Marekani, ambako watu wazima wasio na dalili yoyote huchunguzwa kansa ya utumbo, vinyama vingi vinavyoonekana ni adenoma: uvimbe usio kansa, ambao sehemu ndogo hugeuka kansa, tena baada ya miaka mingi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba kansa ya utumbo mpana na polipu hizo zilikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini.

Ufukoni kuna chanzo kingine. Minyoo ya kichocho huishi wawili wawili, dume na jike, ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, na jike hutaga mayai mamia kwa siku. Mengine hutoka na kinyesi na kurudi ziwani. Yanayokwama ukutani huzingirwa na seli za ulinzi za mwili. Yakilundikana, mahali hapo huinuka kuwa kinyama chenye kuvuja damu. Madaktari wa Misri walivieleza vinyama hivi kwa kina miaka mingi iliyopita, na waliona vikisinyaa baada ya minyoo kuuawa kwa dawa. Leo dawa hiyo ni prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kwa uzito wa mgonjwa.

Hata adenoma yenyewe, kwa kawaida, haihitaji kupasua tumbo. Mwaka 1969, huko New York, madaktari Hiromi Shinya na William Wolff walianza kuviondoa vinyama kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya kamera. Kikiwa kipana na bapa, daktari huchoma sindano ya maji ya chumvi chini yake ili kiinuke, kisha hukikata kidogo kidogo. Pamoja na hayo, wapo ambao bado hupasuliwa: utafiti wa Marekani juu ya wagonjwa 12,732 waliokatwa utumbo kwa polipu zisizo kansa ulikuta asilimia 14 walipata madhara makubwa, na 7 katika kila 1,000 walifariki ndani ya siku 30. Hao walikuwa na damu ya kuongezewa na vyumba vya wagonjwa mahututi. Mtu wa Mahagi-Port akirudi nyumbani na utumbo uliotolewa nje ya tumbo, mifuko ya kukingia kinyesi ataipata wapi?

Ndiyo maana naona hatari kuleta kwetu kipimo cha damu kwenye kinyesi, kinachotumika kutafuta kansa, bila kuleta hadubini. Ufukoni kipimo hicho kitawaokota wenye kichocho wengi mno. Kwanza kinyesi kitafutwe mayai, kisha dawa. Na kinyama kikionekana, kipande chake kisomwe na mtaalamu kabla ya uamuzi wa kupasua. Sisemi damu ipuuzwe. Anayekonda, aliyefunga choo, au anayeendelea kuvuja baada ya dawa achunguzwe upesi, maana kansa nayo ipo.

Prazikwanteli haikingi. Mvuvi aliyepona hurudi kwenye nyavu zake, na baada ya miezi anaweza kuambukizwa tena na kutoa damu tena. Jibu la kipande kile alitunze pamoja na karatasi zake za hospitali, amwonyeshe daktari atakayefuata.